Bangi na Maumivu ya Neva ya Uso

Neva ya tano ya kichwa huchomoza kwenye shina la ubongo na kugawanyika matawi matatu: la paji na jicho, la shavu na taya la juu, na la taya la chini. Mara nyingi ugonjwa wake huanza mshipa wa damu unapoigandamiza karibu na shina hilo, hadi utando wa mafuta unaoikinga ukalika. Hapo mswaki, tonge la ugali au hata upepo wa feni hutosha kuleta maumivu kama ya shoti ya umeme upande mmoja wa uso. Hudumu sekunde chache, au hata dakika mbili, yakakatika, yakarudi. Wengi hudhani ni jino, na wapo waliong'olewa meno mazima. Anayeishi hivyo akiambiwa kwamba bangi inatuliza, ana kila haki ya kutega sikio.

Tena dai hilo lina msingi. Mwaka 1964 Raphael Mechoulam na Yehiel Gaoni, huko Israel, walitenga THC, kemikali ya bangi inayolevya. Mwaka 1992 maabara ya Mechoulam ikaonyesha kwamba mwili wenyewe hutengeneza kemikali inayoshika vipokezi vilevile vinavyoshikwa na THC, na vipokezi hivyo vimo pia katika njia za maumivu. Lakini njia kuwepo ni jambo moja, mgonjwa kupona ni jingine. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2018 yalikusanya tafiti 16 zenye wagonjwa 1,750 wa maumivu sugu ya neva ya aina mbalimbali. Waliotumia dawa za bangi, 21 kati ya kila 100 walipungukiwa na maumivu kwa nusu au zaidi. Waliopewa dawa bandia, 17. Tofauti ni watu wanne, huku usingizi, kizunguzungu na matatizo ya akili yakiwapata zaidi waliotumia bangi.

Kuna watakaosema wagonjwa wa uso wenyewe wanashuhudia nafuu. Siwatilii shaka kwamba maumivu yalipungua. Shaka yangu ni juu ya kilichoyapunguza. Ugonjwa huu una tabia ya kunyamaza wenyewe kwa wiki au miezi, kisha ukaamka. Mtu hutafuta dawa mpya pale maumivu yanapofikia kilele, yaani wakati ambao huenda yangeshuka hata asingemeza kitu, na sifa yote inaiendea dawa ile ya mwisho. Ndiyo maana ushuhuda, hata wa watu wakweli kabisa, hauwezi kuchukua nafasi ya jaribio lenye kundi la kulinganisha. Na wanaolalamika kwamba sheria zimekwamisha majaribio hayo wana hoja: hadi Desemba 2020, Umoja wa Mataifa ulipopiga kura 27 dhidi ya 25, bangi ilikuwa katika orodha kali kuliko zote ya dawa za kulevya. Hiyo ni sababu ya kuitafiti sasa kwa bidii, lakini haitoshi kumwandikia mgonjwa.

Wakati huohuo dawa yenye ushahidi ipo. Karbamazepini, dawa ya kifafa iliyoanza kutumika kwa ugonjwa huu miaka ya 1960, huwapa nafuu wagonjwa wengi, ingawa nayo huleta kizunguzungu, vipele na kushuka kwa chumvi ya damu. Ikishindwa, upasuaji wa kuutenganisha mshipa na neva unawezekana. Tena karbamazepini na kemikali za bangi husagwa na vimeng'enya vilevile vya ini, hivyo kimoja chaweza kubadili kiwango cha kingine mwilini. Kama unatumia vyote viwili, mweleze daktari wako bila kuficha, wala usiache karbamazepini ghafla kabla hajakwambia.