Bakteria wanaokula mafuta na ardhi ya Ogoni

Katika udongo na bahari wamo bakteria ambao chakula chao ni mafuta. Hawakutengenezwa na mwanadamu. Wamekuwepo tangu kale, mahali ambapo mafuta huvuja yenyewe kutoka chini ya bahari. Huyavunjavunja, na kinachobaki zaidi ni maji na hewa ya ukaa.

Mbinu ya kuwatumia ilipata umaarufu mwaka 1989, baada ya meli ya Exxon Valdez kupasuka katika pwani ya Alaska, Marekani, na kumwaga mafuta ghafi yapatayo lita milioni 41. Wataalamu waliwanyunyizia bakteria wa huko huko mbolea yenye naitrojeni na fosforasi, kwani mafuta peke yake ni mlo usiotosheleza. Fukwe nyingi zilizotiwa mbolea zilisafika upesi zaidi.

Lakini bakteria hao huhitaji pia oksijeni, na jambo hilo limewagharimu sana wakazi wa Ogoni, katika delta ya Mto Niger nchini Nigeria. Kampuni ya Shell ilichimba mafuta huko tangu miaka ya 1950 hadi 1993, na mabomba yaliendelea kuvuja hata baadaye. Usafishaji ulikuwa wa kulima udongo wa juu, kuugeuza, kutia mbolea na kuwaachia bakteria kazi. Ni njia nyepesi, na pengine wepesi huo ndio uliowapendeza waliolipa gharama.

Mwaka 2011 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, lenye makao yake makuu mjini Nairobi, lilitoa ripoti yake. Katika maeneo 49 wachunguzi walikuta mafuta yamezama mita 5 au zaidi, mahali ambapo jembe halifiki na hewa ni haba. Kati ya maeneo 15 yaliyoandikwa katika kumbukumbu za kampuni kuwa yamekwisha kusafishwa, 10 yalikuwa bado na uchafu uliopita kiwango. Huko Nisisioken Ogale visima vilikuwa na benzeni, kemikali inayosababisha saratani, zaidi ya mara 900 ya kiwango cha Shirika la Afya Duniani. Watu walikuwa wakinywa maji hayo.

UNEP ilishauri udongo ufukuliwe na kutibiwa katika kituo maalumu, na ikakadiria kuwa kuirejesha ardhi na maji katika hali njema kungechukua miaka 25 hadi 30. Serikali ya Nigeria ilizindua usafishaji huo mwaka 2016.