Nairobi hadi Mombasa: Mbona Saa Nzima?

Kutoka uwanja wa Jomo Kenyatta hadi ule wa Moi, Mombasa, ni kilomita 425 hivi angani. Ndege ya jeti ikishapaa huenda kilomita 800 kwa saa. Ukigawanya, unapata dakika 32. Mbona basi tiketi huandikwa karibu saa nzima?

Sababu ni kwamba ndege hujikokota kwanza hadi njia ya kurukia, ikipanda haijashika kasi, na hupunguza mwendo mapema ili itue.

Mjomba wangu wa hapa Kitengela alihesabu ya angani tu, akasahau jamu ya Mlolongo. Ndege ikamwacha, mazishi ya rafikiye yakampita. Wenzangu, safari huanzia mlangoni, si uwanjani!