Macho na Ngozi Kuwa Manjano: Sababu Zake, na Wakati wa Kumwendea Daktari

Mojawapo ya mambo yanayowachelewesha wagonjwa majumbani mwetu ni jina la ugonjwa. Mtu akionekana macho yake yamegeuka manjano, mmoja husema ni nyongo, wa pili husema ni homa ya manjano, wa tatu husema ni safura. Na kila jina huja na dawa yake, na siku hupita. Ilhali manjano yenyewe si ugonjwa, bali ni alama, kama moshi ulivyo alama ya moto. Moto wenyewe waweza kuwa katika damu, katika ini, au katika njia ya nyongo.

Chembe nyekundu za damu huishi muda wa siku 120 hivi, kisha huvunjika, na katika kuvunjika kwake hutoka taka ya rangi ya manjano iitwayo bilirubini. Ini huipokea, hulitengeneza umbo lake, na kuimimina matumboni pamoja na nyongo. Nayo ndiyo ikipayo choo rangi ya kahawia. Chembe zikivunjika kupita kiasi, au ini likidhoofika, au mfereji wa nyongo ukiziba, taka hiyo hujaa katika damu na kuonekana machoni na katika ngozi. Kwa hiyo daktari akikuuliza habari za choo na mkojo, usione haya kumjibu. Choo cheupe pamoja na mkojo wa rangi ya chai kavu humwambia kwamba nyongo haifiki matumboni.

Tuanze na mtoto mchanga, kwani hapo ndipo siku moja tu yaweza kuwa na thamani ya maisha mazima. Watoto wengi hupata manjano kidogo siku ya pili au ya tatu, kwa kuwa ini lao bado ni changa, na baada ya wiki moja au mbili hutoweka. Lakini manjano yaonekanayo kabla ya kutimia saa 24 tangu kuzaliwa, au yaliyofika viganjani na nyayoni, au yenye homa, au ya mtoto anayelala mno na kukataa ziwa, hayo si ya kungojea. Bilirubini ikizidi sana huingia katika ubongo, na mtoto akisalimika huenda akabaki kiziwi au na viungo vilivyokakamaa.

Na hapa twapenda kusema jambo moja juu ya desturi yetu ya siku arobaini. Ni desturi njema, humpumzisha mzazi. Lakini chumba kikiwa kimefungwa madirisha, na taa ni hafifu, nani atakayeona rangi ya mtoto? Bibi au shangazi amtoe mtoto karibu na dirisha kila asubuhi, ambonyeze kidogo kwa kidole kwenye paji la uso au ncha ya pua, kisha aachie na kutazama rangi ibakiayo. Kwa mtoto mweusi atazame pia weupe wa macho, ufizi, viganja na nyayo. Kungoja siku ya saba, jamaa wanapokusanyika kwa akika, huenda kukawa ni kuchelewa.

Wako wasemao, mwanike juani, atapona. Asili ya maneno haya si upuuzi. Katika hospitali ya Rochford huko Uingereza, katika miaka ya 1950, muuguzi aitwaye Ward alikuwa akiwatoa watoto nje juani, akaona ya kuwa sehemu iliyopigwa na jua hupungua manjano. Madaktari wakachunguza, na mwaka 1958 wakatangaza matibabu ya taa. Lakini jua la uani halina kipimo. Mtoto aliyezidiwa huhitaji taa ya hospitali, na pengine kubadilishiwa damu.

Kwa watoto wakubwa na watu wazima wa Muleba, malaria ndiyo ya kufikiriwa kwanza. Wilaya hii ilipatwa na mlipuko mkubwa mwaka 2006, na baadaye ndiko vyandarua vya aina mpya vilikojaribiwa, matokeo yakachapwa mwaka 2018. Malaria iliyoleta manjano ya macho ni malaria kali. Haitibiwi kwa vidonge vya dukani. Selimundu nayo huvunja damu na kuyafanya macho ya mtoto kuwa manjano mara kwa mara. Tena wako wenye upungufu wa G6PD, ambao damu yao huvunjika wakitumia baadhi ya dawa. Na mtoto mchanga wa namna hiyo aweza kudhurika kwa nguo zilizohifadhiwa sandukuni pamoja na vile vidonge vyeupe vya kufukuzia nondo.

Katika magonjwa ya ini, homa ya ini ya A na ya E hupita katika maji na chakula vilivyochafuliwa na kinyesi, na hiyo ya E ni hatari sana kwa mwanamke mja mzito. Ya B hupita katika damu, kujamiiana, na kutoka kwa mama hadi mtoto. Basi wembe mmoja usitumike kwa watu wawili, si katika tohara, si katika kuumika. Chanjo yake imo katika zile apewazo mtoto kliniki. Pombe huharibu ini, na kadhalika dawa za miti zisizojulikana kipimo, na hata paracetamol ikizidishwa.

Homa ya manjano hasa ni ugonjwa mwingine, uletwao na mbu. Mwaka 2016 ulizuka Masaka, nchini Uganda, katika njia itokayo Mutukula kwenda Kampala. Chanjo yake moja hutosha maisha yote.

Mzee apataye manjano bila maumivu, akiwashwa mwili na kukonda, achunguzwe mfereji wa nyongo upesi.

Si kila manjano ni ya kuogofya. Alaye mapapai na karoti kwa wingi huweza kuwa manjano viganjani, ila macho yake hubaki meupe. Na wako wenye hali iitwayo Gilbert, ambao macho yao hugeuka manjano kidogo wakifunga Ramadhani, kisha hurudi. Lakini daktari ndiye wa kulithibitisha hilo, si jirani.

Homa, kutapika mfululizo, kuchanganyikiwa, usingizi usio wa kawaida, kutokwa damu, au ujauzito: yakiambatana na manjano, mgonjwa aondoke siku hiyo hiyo. Rubya, Ndolage na Kagondo ziko Muleba, na hospitali ya rufaa ya mkoa iko mjini Bukoba. Walioko Bumbire na Goziba, ambao hutegemea mashua, wasingoje hata kuche vizuri. Mchukueni mgonjwa pamoja na kadi yake ya kliniki na mabaki ya kila dawa aliyokunywa, ya dukani na ya miti, mkamwonyeshe daktari bila kuficha.