Ndege Ivunjikie Chini, Isivunjikie Angani

Yapo maswali, kwa nini watafiti wafunge ndege jumbani na kuipepea kwa mapangaboi? Nieleze.

Ndege ya rafadha za kuinama hupaa wima kama helikopta, kisha hulaza rafadha mbele ikashika mwendo. Mwendo ukizidi, rafadha na bawa huweza kutikisana, kila kimoja kikimchochea mwenziwe, mpaka bawa likavunjika.

Ndiposa huanzia kwenye handaki la upepo. Mwaka 1966, huko Ames, California, ndege ya XV-3 ilikuwa ikipimwa kwenye handaki la futi 40 kwa 80. Kasi ilipopanda, rafadha iling'oka. Hakufa mtu. Mafunzo yakabaki, na mwaka 1977 XV-15 ikaruka.

Gharama hiyo mimi siioni hasara. Tahadhari kabla ya hatari.