Sakado mgongoni: safari ya kusini mwa Australia

Leo tunakwenda mbali. Kamateni ramani ya dunia. Toka kwetu piteni Bahari ya Hindi, mkishuka kidogo kusini, mtakuta inchi kubwa iliyozungukwa na maji pande zote. Ndiyo Australia. Hatuwezi kuizunguka yote, tutafuata upande wa kusini tu: mji wa Melbourne, pwani yake, mji wa Adelaide, Kisiwa cha Kanguru, na mwisho mashimo ya shaba ya Moonta.

Tutatembea namna vijana wengi wanavyotembea kule: sakado mgongoni, viatu vya nguvu, feza kidogo. Vijana wale hawalali katika hoteli kubwa. Wanalipa kitanda tu katika nyumba ya wageni, watu sita ao nane chumba kimoja, na kila mtu anajipikia katika jiko la wote. Feza ikiisha, wanatafuta kazi ya kuchuma zabibu ao machungwa. Tangu mwaka 1975 serikali ya Australia inatoa visa ya kutembea na kufanya kazi kwa vijana wa inchi zilizopatana nayo. Wengi wanaotaka kukaa mwaka wa pili wanapaswa kwanza kumaliza siku 88 za kazi, mara nyingi katika mashamba mbali na miji mikubwa. Congo yetu haiko katika hesabu ya inchi hizo. Lakini kusafiri kwa macho ya ukurasa hakuna mtu anayetukataza.

Mji wa tramu

Melbourne ulianza mwaka 1835. Mwaka 1851 zahabu ilionekana katika jimbo lile la Victoria, watu wakakimbilia kule toka pande zote za dunia, na mji ukakua mbiombio. Nyumba nyingi kubwa za mawe zinazoonekana katikati ya mji hata leo zilijengwa kwa feza ya zahabu ile.

Mwenye sakado anapenda Melbourne sababu ya tramu. Njia zake zinafika kilometa 250 hivi, hakuna mji mwingine duniani wenye nyingi kupita hapo. Tena katikati ya mji kupanda ni bure! Mtu anaweza kuzunguka kutwa nzima pasipo kutoa hata franka moja.

Nyumba za watu ao nyumba za ndege?

Kilometa karibu 140 toka Melbourne kuna kisiwa, Phillip Island. Kila jioni jua likishuka, watu wanakaa kimya kando ya bahari wakingojea. Ndani ya maji wanatoka ndege wadogo wasioweza kuruka, wanaitwa pengwini. Hawa ni wadogo kupita pengwini wote wa dunia: urefu wao ni sentimeta 33 hivi, uzito karibu kilo moja. Wametoka kuvua samaki. Wakifika kwenye mchanga wanasimama, wanangojana, kisha wanavuka kwa kundi wakiyumbayumba mpaka kwenye mashimo yao ndani ya majani, kulisha watoto.

Zamani mahali pale palikatwa viwanja, watu wakajenga nyumba za kupumzikia. Usiku motokari ziliponda pengwini, na mbwa na mbweha wakawala. Hesabu yao ikashuka sana. Basi mwaka 1985 serikali ya Victoria ilikata neno: itanunua viwanja vyote vya rasi ile na kuondoa nyumba. Kazi hiyo ilichukua miaka 25, ikaisha mwaka 2010. Mbweha nao waliwindwa, na mwaka 2017 ikatangazwa kwamba kisiwani hakuna tena hata mmoja.

Mtu atauliza: namna gani kuondoa watu juu ya ndege? Neno hilo si jepesi. Nyumba ambamo mtoto wako alijifunza kutembea haihesabiwi kwa feza peke yake. Lakini wenye nyumba walilipwa, na kazi haikufanywa kwa siku moja. Sisi tumeona watu wakiondolewa mahali juu ya madini. Pale waliondolewa ili viumbe viishi. Na leo pengwini wale, makumi ya maelfu, ndio wanaoleta wageni na kazi kisiwani.

Barabara ya maaskari

Turudi bara, tufuate pwani kwenda magharibi. Toka Torquay mpaka Allansford kuna barabara ya kilometa 243, upande mmoja mlima, upande mwingine bahari. Wanaiita Great Ocean Road. Waliijenga maaskari karibu 3,000 waliorudi toka Vita ya Kwanza ya Dunia. Walianza mwaka 1919, wakamaliza 1932, wakipasua mwamba kwa sururu, kwa chepeo na kwa baruti. Waliitoa kuwa ukumbusho wa wenzao waliokufa vitani. Wengine wanakumbuka wafu wao kwa sanamu. Hawa walifanya barabara, na kila anayepita anaitumia.

Njiani kuna nguzo za mawe ya chokaa zilizosimama ndani ya bahari, zingine karibu mita 45 kwa urefu. Zinaitwa Mitume Kumi na Wawili. Msifanye haraka ya kuhesabu, sababu hazikupata kuwa 12! Na moja ilianguka mwezi wa saba mwaka 2005. Karibu na hapo palikuwa daraja la mwamba lililochongwa na mawimbi. Tarehe 15 mwezi wa kwanza 1990 likakatika, watu wawili wakabaki upande wa bahari, wazima lakini pasipo njia. Helikopta ilikwenda kuwatoa. Maji yale yaliyochonga nguzo ndiyo yanayoziangusha.

Adelaide na Kisiwa cha Kanguru

Toka Melbourne mpaka Adelaide, kwa njia fupi, ni kilometa zaidi ya 700. Mji huu ulianza mwaka 1836. Aliyepima njia zake ni William Light. Alizunguka mji wote na majani na miti, ukanda ambao unakaa mpaka leo; ukitoka sokoni unaweza kwenda kwa miguu kupumzika chini ya mti. Lakini tusisahau: udongo ule ulikuwa wa watu wa kabila la Kaurna, na viwanja vilipimwa pasipo wao kukubali wala kulipwa.

Kusini ya Adelaide, mwenye sakado anapanda mashua kubwa pale Cape Jervis, na kisha dakika 45 anashuka katika Kisiwa cha Kanguru. Kanguru mwanamke naye ana sakado yake, lakini ameivaa mbele. Mtoto anazaliwa mdogo kama haragi, anapanda mwenyewe katika mfuko wa mama, ananyonya humo miezi mingi. Pwani ya Seal Bay wanalala simba wa bahari. Wawindaji wa zamani waliwaua sana juu ya ngozi. Leo hakuna anayeshuka kwenye mchanga wao pasipo kiongozi.

Koala, yule anayelala hata saa 20 kwa siku, aliletwa kisiwani miaka ya 1920. Chakula chake ni majani ya mikalitusi. Ndiyo, mikalitusi hiyo ya kwetu, ya kujengea na kuchoma makala, asili yake ni Australia! Mwisho wa mwaka 2019 na mwanzo wa 2020, moto uliteketeza karibu nusu ya kisiwa. Watu wawili walikufa, na koala maelfu kwa maelfu. Lakini kisha miezi michache, mashina meusi ya mikalitusi yalianza kutoa majani mapya.

Mashimo ya Moonta

Tumalizie mahali ambapo mtu wa Kolwezi ao Likasi angejiona kwao. Moonta iko kilometa karibu 165 toka Adelaide. Kule kuna mnyama anayeitwa wombati, mnene, miguu mifupi, fundi wa kuchimba. Mwaka 1861 mchunga kondoo mmoja, Patrick Ryan, aliona udongo uliotupwa nje ya shimo la wombati. Ndani yake mlikuwa shaba. Kwetu Katanga ua dogo la mlimani lilionyesha wazee mahali pa shaba. Kwao alionyesha nyama.

Wachimbaji walitoka Cornwall, Uingereza, pamoja na wake na watoto. Kanisa lao la Wametodisti lilijengwa mwaka 1865 na bado linasimama. Kisha Vita ya Kwanza bei ya shaba ilishuka, na mwaka 1923 kompani ilifunga mashimo. Familia nyingi zilifunga mizigo. Vilima vya mabaki viko mpaka leo; watu wa Lubumbashi mnajua vinavyofanana. Shule ya watoto wa wachimbaji imekuwa nyumba ya kumbukumbu, na wageni wanalipa kuingia.

Lakini kuna kingine. Walter Watson Hughes, mwenye mashamba ambamo shaba ile ilionekana, alitoa pauni 20,000, na feza hiyo ilisaidia kuanzisha Chuo Kikuu cha Adelaide mwaka 1874. Mashimo yamefungwa miaka zaidi ya 100. Chuo kiliendelea kufundisha.

Wazazi, jioni hii onyesheni watoto ramani, mwasimulie juu ya pengwini na wombati, wacheke. Kisha mzungumze ninyi wakubwa: katika feza ya shaba inayopita mikononi mwetu mwezi huu, kiasi gani kimeingia katika masomo ya mtoto? Mkalitusi ukikatwa unachipuka tena. Shaba haichipuki.