Nakala Kioo ya Hazina ya Msimbo na Namna ya Kuisawazisha

Makusudi ya makala haya ni kueleza jinsi nakala ya hazina ya msimbo chanzo iwezavyo kuwekwa mbali na asili yake, nayo ikabaki sawa na asili hiyo. Jambo hili lawahusu wanaisimu pia, kwani orodha za maneno, pamoja na programu za kuzichambua, huweza kuhifadhiwa katika hazina za namna hiyo.

Na tuchukue mfano. Hazina ya maneno ya Kimatengo na Kimpoto iko Dar es Salaam; wachunguzi wako Mbinga, na wengine Mbamba Bay, ufuoni mwa Ziwa Nyasa. Wakiwa na nakala yao wenyewe, kazi haisimami intaneti ikatikapo.

Hazina nyingi hutumia Git, programu iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005. Nakala kioo hufanywa mara moja kwa amri git clone --mirror. Baada ya hapo, git remote update --prune huleta mabadiliko mapya tu, si hazina nzima. Kila toleo lina alama yake, ambayo kwa kawaida ni tarakimu na herufi 40, iliyokokotolewa kutokana na yaliyomo. Alama za matawi yote zikilingana huku na huku, nakala ni sawa na asili.

Pasipokuwa na intaneti, mabadiliko hufungwa katika faili moja kwa amri git bundle. Furushi hilo huweza kusafiri kwa flashi ndani ya basi, kutoka Songea kupitia Mbinga hadi ziwani. Likiwa na mabadiliko tu, hutegemea matoleo yaliyotangulia. Git bundle verify huonyesha kama yamo katika nakala.

Hapana budi kushika kanuni mbili.

Kwanza, mwendo ni mmoja: kutoka asili kwenda kwenye kioo. Mashimo ya kilimo ya Wamatengo huandikwa vitabuni mara ngoro, mara ngolu. Mtu akiingiza sahihisho la neno hilo katika tawi la kioo cha Mbinga, usawazishaji ufuatao utalirudisha tawi kama lilivyo Dar es Salaam. Sahihisho lipelekwe kwanza kwenye asili, ndipo lirudi Mbinga.

Pili, kioo si akiba. Neno lenyewe latuonya: kioo huonyesha kilicho mbele yake, na kikiondoka hakionekani tena. Tawi likifutwa Dar es Salaam, amri iliyotajwa italifuta Mbinga pia. Na matoleo yasiyoshikwa na tawi wala jina lolote yaweza kuondolewa kabisa, kwa kawaida yakishapita majuma mawili. Tawi hilo likiwa ndilo pekee lenye maneno yaliyokusanywa kwa wazee wa ufuoni, huenda wasiwepo tena wa kuulizwa.

Kwa hiyo kila mwezi na lifanywe furushi kamili lenye tarehe, lihifadhiwe katika diski nyingine isiyosawazishwa na kitu chochote.