Furaha ya Kamera Yenye Kipima Umbali

Siku hizi watu wengi wa Likoni, Kisauni na Changamwe wana simu zenye kamera, na kwa simu hizo mtu aweza kupiga picha mia moja kabla chai yake haijapoa. Hata hivyo bado wako watu waipendao kamera ya filamu, na hasa ile yenye kipima umbali. Watu hao si wajinga wala si wapinga maendeleo. Wanayo furaha yao, na yafaa ielezwe, kwani ina faida hata kwa mtu asiyenuia kununua kamera.

Huenda msomaji atauliza: kipima umbali ni kitu gani? Ukiitazama kamera ya namna hii kwa mbele, utaona madirisha mawili madogo juu ya lenzi. Mwanga uingiao katika dirisha moja huja moja kwa moja jichoni mwa mpigaji. Ule uingiao katika dirisha la pili hupinduliwa na kioo, ukaletwa juu ya ule wa kwanza. Kwa hiyo mpigaji huona kitu kimoja mara mbili. Azungushapo lenzi, picha hizo mbili husogeleana, na zikisha kulingana sawasawa, basi lenzi imelengwa barabara. Kanuni yake ni ile ya pembetatu, ambayo wapima mashamba pia huitumia: ukiujua urefu wa upande mmoja pamoja na pembe zake, waweza kuujua umbali wa kitu usichokifikia.

Fundi aliyeanzisha kamera ndogo ya namna hii alikuwa Oskar Barnack, aliyefanya kazi katika kiwanda cha Leitz mjini Wetzlar, Ujerumani. Alichukua filamu ya sinema, yenye upana wa milimita 35, akaifanyia kamera iwezayo kutiwa mfukoni. Kamera hiyo, Leica, iliuzwa kwa watu kuanzia mwaka 1925. Lakini katika miaka ile mpigaji alipaswa kukisia umbali kwa macho, au kuupima kwa chombo cha pembeni. Mwaka 1932 kipima umbali kiliunganishwa na lenzi ndani ya kamera yenyewe. Mwaka 1934 vijana wa jumuiya ya kazi mjini Kharkiv, katika nchi ya Ukraine, walianza kutengeneza kamera za FED kwa kuiga mfano huo, na mwaka 1954 ikatoka Leica M3, ambayo hata leo husifiwa kwa dirisha lake kubwa na angavu. Baada ya Nikon F kutokea mwaka 1959, watu wa magazeti walianza kuhamia kamera za kutazama kwa kupitia lenzi. Kamera za kipima umbali zilipungua, lakini hazikufa.

Sasa tuitazame furaha yenyewe. Kwanza, katika kamera nyingi za namna hii mistari myeupe dirishani huonyesha mipaka ya picha, na nje ya mistari hiyo mpigaji huendelea kuona. Akisimama kando ya njia ya Kengeleni, Kisauni, karibu na kengele ya Frere Town, humwona mwenye baiskeli kabla hajaingia katika picha, akamngojea mpaka afike mahali pake. Pili, hapana kioo kinachoruka ndani na kulifunga dirisha wakati wa kupiga, wala mlio mkubwa. Mtoto anayecheza huendelea kucheza, na fundi anayeranda ubao hainui kichwa.

Tatu, na hili ndilo kubwa, kamera hii humlazimisha mpigaji kuujua umbali uliopo baina yake na mtu mwingine. Kwa kawaida haina lenzi kubwa za kumvuta mtu aliye mbali bila yeye kujua. Ukitaka uso wa mzee, huna budi kumwendea hadi hatua mbili tatu, na katika pwani yetu mtu hafiki hatua mbili kwa mzee bila ya shikamoo. Baada ya salamu huja habari za nyumbani, na baada ya habari ndipo ruhusa huombwa. Wako akina mama wasiopenda sura zao zichukuliwe kwa ajili ya sitara na dini yao. Neno lao moja latosha, na kamera irudishwe mkobani. Penye vivuko na bandari vilevile yafaa kuwauliza walinzi kwanza. Picha iliyopatikana kwa idhini hukaa ukutani bila kumletea mtu aibu.

Filamu moja huwa na picha 36 tu. Kwa sababu hiyo mpigaji hutazama sana na kupiga kidogo. Katika jua kali la Mombasa, kwa filamu ya namba 100, tundu la lenzi huwekwa katika namba 16 na mwendo katika sehemu ya 125 ya sekunde. Chini ya kivuli cha mwembe, tundu hufunguliwa hadi 5.6 au zaidi. Lakini saa sita mchana jua huwa karibu utosini, na macho ya watu huzama katika giza la nyusi zao. Afadhali kupiga kabla ya saa tatu asubuhi, au baada ya saa kumi alasiri.

Adui wa kamera pwani ni unyevu na chumvi. Lenzi iliyofungiwa katika mkoba wa ngozi huota ukungu ndani ya vioo. Basi iwekwe katika kopo lenye kifuniko cha kubana pamoja na vijifuko vya chembe za kukausha, nayo itumiwe mara kwa mara. Filamu nyeusi na nyeupe yaweza kuoshwa nyumbani, lakini dawa nyingi hupimiwa joto la digrii 20, na maji yetu ni ya moto zaidi. Chupa ya dawa ipozwe kwa barafu, au muda upunguzwe kwa kufuata maelezo ya kiwanda. Maji ya kisima yenye chumvi yasitumiwe katika suuza ya mwisho, kwani huacha madoa.

Huenda mwingine atasema kwamba gharama hiyo yote ni ya bure. Namwomba aikumbuke Likoni. Karibu na kivuko chake palikuwa na vibanda vya wapiga picha, wengi wao watu wa bara, vyenye mapazia yaliyochorwa na kupambwa kwa rangi nyingi; Heike Behrend, mtaalamu wa Ujerumani, amewaandikia habari zao. Kibarua wa bandari alisimama mbele ya pazia kama tajiri, akaipeleka picha kwa mama yake kijijini. Tarehe 13 Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilishambuliwa, watu wakauawa, vibanda na nyumba vikachomwa, na maelfu wakayakimbia makao yao. Nyumba ikiungua, picha za ukutani huungua pamoja nayo. Lakini ikiwa negativu imewekwa kwa ndugu mahali pengine, sura ya marehemu yaweza kuchapishwa tena, pasipo kuhitaji umeme wala neno la siri la simu iliyopotea.

Kwa hiyo, msomaji, ukiwa na kamera ya zamani kabatini, usiitupe. Mpe fundi aikague, ununue filamu moja, uanze na wazee wa nyumbani kwako. Waamkie, waombe idhini, ungoje mpaka picha mbili ziwe moja. Kisha andika majina na tarehe juu ya bahasha ya negativu, na nakala moja umpe mwenye sura. Mzee aliyepo leo asubuhi ana umbali wa kupimika. Akisha kwenda, hapana lenzi iwezayo kumfikia.